Kopo la Thamostati: Uzoefu Wangu na Kirikuu

Nimekaa na kirikuu yangu, yaani kipikapu kidogo cha Kijapani, zaidi ya mwaka sasa, na karibu kila jirani wa hapa Ngamiani, Tanga, anayeniona nikipita nayo huniuliza kama na yeye anunue. Jibu langu hutegemea kama siku hiyo nimepita mbele ya gereji fulani au sikupita. Leo nimepita, kwa hiyo msomaji anivumilie.

Niseme kwanza lile ambalo nikishakasirika sitalisema tena: kwa kazi niliyoinunulia, gari hili halijanisumbua sana. Huchukua machungwa Muheza na nazi njia ya Pangani, nikayashusha soko la Mgandini kabla jua halijawa kali, na vichochoro vinavyomlazimisha mwenye Canter kurudi kinyumenyume mimi huvipita kwa kukunja vioo tu. Mafuta linakunywa kama kuku anavyokunywa maji. Kwenye barabara ya Segera kila basi linalonipita hunisukuma pembeni kwa upepo wake, na tukikanyaga shimo springi za nyuma hugonga mpaka meno yakagongana, lakini hayo ni mambo ya umbo lake, ambayo mtu huyaona kabla hajatoa fedha yake.

Hasira yangu ina mahali pake, nako ni kwenye kona moja juu ya kijiji cha Zigi, katika barabara ya kupanda Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki.

Ilikuwa mwishoni mwa masika. Nilikuwa nimepakia mifuko minane ya saruji ya ndugu yangu anayejenga huko juu, nikitarajia kurudi na ndizi na mdalasini. Amani iko takriban meta 900 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya mwinuko huo mtu huikuta baada ya Zigi, kona juu ya kona, na siku ile barabara ilikuwa ya udongo. Mpwa wangu alikuwa akiendesha kwa gia ya kwanza, nami nilikuwa nimeikalia injini, kwa maana katika magari haya injini iko chini ya viti, na ndiyo sababu nilijua habari kabla ya mshale wa joto. Kiti kiliwaka. Mara mvuke ukafoka chini yangu kama sufuria ya pilau iliyofunuliwa, nami nikaruka nje gari likiwa bado linajikongoja, jambo ambalo mwanamke wa umri wangu hapaswi kulifanya.

Tuliweka mawe nyuma ya magurudumu. Kijana alitaka kufungua rejeta papo hapo, nikampiga mkono. Kisha akataka kumwaga maji ya baridi juu ya injini, nikampiga tena, kwa kuwa silinda hedi ikipasuka kwa baridi ya ghafla hakuna tena gari la kuzungumzia. Tukakaa karibu saa nzima tukitazamana na mbega waliokuwa mtini, ambao kwa maoni yangu walikuwa wakitucheka. Dereva mmoja wa bodaboda alituletea dumu mbili za maji, akakataa malipo, akatusaidia kushusha nusu ya saruji kwenye nyumba ya jirani. Mungu amzidishie.

Sasa, kwa nini ninailaumu gereji kuliko gari? Kwa sababu wiki chache kabla ya safari hiyo gari lilikuwa limeanza kupunguza maji, nami, kama mtu mwenye akili zake, nikalipeleka kwa fundi hapa mjini. Tanga husifiwa kwa kuulizwa mgeni, "Waja leo, waondoka leo?" Gari langu lilikwenda leo, likaondoka baada ya siku nne. Niliambiwa limepona. Na kweli, tangu hapo mshale wa joto ulikuwa haupandi tukiwa njia ya Muheza, nikadhani hiyo ndiyo afya yenyewe. Mafuta yakaanza kwisha upesi, nikawashuku watu wa kituo cha mafuta, na kwa hilo ninawaomba radhi.

Aliyenifumbua macho ni kijana fundi wa Muheza, ambaye alianza na kifuniko cha rejeta. Mpira wake ulipukutika alipougusa. Alinieleza kwa upole kwamba maji yaliyobanwa kwa shinikizo huchelewa kuchemka, na kifuniko kisipobana, maji huchemka kwa nyuzi 100 tu kama ya chai, yakamwagika yote. Kisha akafungua mahali pa thamostati, kile kivalvu kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, akakuta patupu. Fundi wangu wa mjini alikuwa ameing'oa, injini ikawa inakwenda ya baridi kwenye tambarare na kula mafuta bure, huku ugonjwa wenyewe, kifuniko, akiuacha ulivyo.

Nikarudi kwake. Nilimsalimu vizuri, nikauliza thamostati yangu iko wapi. Hakujitetea hata kidogo. Aliniambia kwamba nchi ya joto haihitaji kitu hicho, na nilipoanza kumweleza niliyoyasikia Muheza akanikatiza: "Mwalimu, gari si darasa. Hapa anayesahihisha ni mimi." Kisha akavuta kutoka chini ya benchi kopo la maziwa lililojaa thamostati za watu, akalitikisa mbele yangu, akasema, "Chagua unayoipenda." Wanafunzi wake wakacheka. Nimefundisha miaka 31, na hakuna mtoto aliyewahi kunijibu hivyo.

Nikilikumbuka kopo lile nataka kuandika kwamba gari hili ni imara kabisa na waovu ni mafundi. Lakini ninajua hesabu. Magari ya daraja hili Japani yamewekewa mzigo wa kilo 350. Mifuko yangu minane ilikuwa kilo 400, na mimi na mpwa wangu si karatasi. Watu wote hapa hupakia hivyo, wengine zaidi, na gari hukubali kwa unyenyekevu ambao mimi naona ni udanganyifu, kwa kuwa halilalamiki mpaka limefika penye kona. Gari la namna hiyo silisifu. Wala silisemi vibaya: kifuniko kipya hakikufika hata nauli ya basi ya kwenda na kurudi Dar es Salaam, na thamostati ilifungwa asubuhi moja.

Juzi tulipanda tena Amani na mifuko mitano. Mshale ulisimama katikati, ukakaa hapo njia nzima. Hata hivyo, tulipofika kona ile, nilijiinua kidogo kitini, na mpwa wangu akaniona.