Kisafisha hewa kimegoma kuwaka: fyuzi haikuwa na kosa

Ndugu zangu, karibuni. Sikilizeni kwanza. Nabonyeza hapa... mmesikia nini? Hamna. Si taa, si mlio. Hiki ni kisafisha hewa cha shangazi yangu wa Ilala. Anakaa barabarani kabisa, vumbi lote la daladala linaishia sebuleni kwake. Binamu yangu aliyeko Marekani akamtumia. Shangazi akaenda Kariakoo akanunua ile adapta ya plagi, akachomeka, kikatoa "pah!" moja, kimya. Akanipigia: "Mwanangu, kimekufa hata sijakifaidi."

Jina la kampuni nimelifunika kwa plasta, kwa hiyo msiniulize.

Haya. Kabla hujashika bisibisi, angalia soketi. Nimechomeka chaja ya simu palepale, simu inachaji. Soketi nzima. Halafu mtofautishe: kama taa zinawaka ila vitufe havisikii, mara nyingi hiyo ni kufuli ya watoto tu. Shikilia kitufe chenye alama ya kufuli sekunde chache, umemaliza. Chetu hakina hata taa moja, kwa hiyo twende mbele.

Kigeuze chini juu. Mnaona hiki kibandiko? Ngoja nisogeze kamera. 120V, 60Hz, 45W. Hapo ndipo nilipocheka, halafu nikasikitika. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Adapta ya Kariakoo inabadilisha miguu ya plagi basi, haipunguzi hata volti moja. Kingekuwa kimeandikwa 100–240V, shangazi angekuwa anapunga hewa safi tangu wiki iliyopita.

Tufungue. Plagi nje, tena muda mrefu, maana ndani kuna kapasita, kidude kinachohifadhi umeme, inayoweza kukutupa hata mashine ikiwa haijachomekwa. Skrubu ziko wapi? Nilizunguka nazo robo saa. Ziko chini ya hivi viatu vya mpira, vimegandishwa kwa gundi. Hii tabia ya kuficha skrubu mimi siipendi, ni kumwambia mtu asitengeneze kitu chake mwenyewe.

Hii hapa bodi ya umeme. Kabla sijagusa, naweka mita kwenye volti za DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri, napima miguu miwili ya hii kapasita kubwa. Inasoma chini ya volti moja. Salama. Sasa tazameni hii fyuzi ya kioo: imekuwa nyeusi ndani kama chemli isiyosafishwa. Kioo kikiwa cheusi hivi, ujue umeme ulipita kwa kishindo, haukuchoka taratibu. Na jirani yake, hiki kidude cha bluu cha duara, kimepasuka ubavu. Kinaitwa varista. Kazi yake ni kungoja. Umeme ukiwa wa kawaida, kimelala. Ukizidi, kinajifanya njia ya mkato, mkondo unapita kwake kwa wingi, fyuzi inakatika, vingine vinapona.

Kwa hiyo mkiniuliza nani mkosaji, si fyuzi. Fyuzi na varista wamekufa kazini.

Hapa ndipo mafundi wengi tunapoharibu, na mimi nimo. Mwaka juzi nilibadilisha fyuzi peke yake kwenye mashine kama hii, nikachomeka, ikapasuka mbele ya uso wangu, kwa sababu varista ilikuwa imebaki na shoti. Wengine ndiyo wanazungushia kipande cha waya, au karatasi ya pakiti ya sigara. Jamani, msifanye hivyo. Mkifanya hivyo, kitakachokatika safari ijayo ni waya wa ukutani, na waya wa ukutani haukatiki bila moto.

Ile varista imeandikwa 10D241K. Hiyo 241 maana yake ni volti 240, inafaa mashine ya 120. Dukani kijana akanishauri: "Bro, weka 471, hiyo haipasuki hata kwenye umeme wetu." Ni kweli haitapasuka. Lakini isome hii kapasita: mwisho wake 200V. Umeme wa 230 ukishageuzwa kuwa DC unafika karibu volti 325. Kwa hiyo varista itakaa kimya, kapasita ndiyo ilipuke. Nimeweka 241 ileile, na fyuzi ileile, T2A. Hiyo T ni fyuzi isiyo na haraka, inavumilia mruko wa kwanza wa kuwasha.

Vifaa vyote viwili vimenigharimu chini ya nauli ya bajaji. Gharama iko kwenye hii: transfoma ya kushusha umeme hadi 110. Mashine inakula wati 45, nimechukua ya wati 100 isije ikapata joto. Feni yake inaendeshwa kwa DC kutoka kwenye bodi, kwa hiyo tofauti ya 50Hz ya umeme wetu na 60Hz ya kibandiko haitusumbui.

Jaribio la kwanza sichomeki moja kwa moja. Naipitisha kwenye balbu hii ya zamani ya uzi, mfululizo na mashine. Ikiwaka ikabaki inawaka, kuna shoti nyingine. Tazameni... imemulika kidogo, imezima. Safi. Natoa balbu.

Nimefunga kila kitu, nimerudisha chujio, nabonyeza. Hamna. Sikuikata hii sehemu, mniangalie tu uso. Nilifungua tena, nikapima tena, nikaanza hata kumshuku yule kijana wa dukani. Kumbe kifuniko cha chini sikukizungusha hadi mwisho! Kina kaulimi ka plastiki, hapa, kadogo kama punje ya mchele, kanakobonyeza swichi ndani. Kasipofika, mashine haiwaki, ili usije ukaingiza vidole kwenye feni. Ndiyo maana nawaambia, chenu kikizima baada ya kubadilisha chujio, anzieni kwenye kifuniko. Mtanikumbuka.

Kukinunua je? Hewa kinasafisha vizuri, sina ugomvi nacho. Lakini kwa mtu wa Dar, mashine ya 120V ni mzigo: transfoma inaunguruma usiku, na siku mgeni akiichomeka ukutani tunarudi mwanzo. Nimebandika kwenye plagi kwa herufi kubwa: TRANSFOMA TU. Bora utafute iliyoandikwa 220–240V, na kabla ya kulipa uliza chujio lake linapatikana hapa nchini au mpaka uagize.

Nimekipeleka Ilala jana, Ijumaa. Nimefika, "Shikamoo shangazi," "Marahaba," tumekiwasha, taa ya bluu. Dakika tano haijapita, taa ikawa nyekundu, feni ikavuma kama jenereta. Nikageuka. Shangazi amesimama mlangoni na chetezo.

"Kwani udi nao ni uchafu?"