Hereni ya mama imekuwa pete: uzoefu wangu kwa sonara wa Makoroboi

Hereni ya marehemu mama ilibaki moja. Ya pili ilizama ziwani tukivuka kwenda Sengerema, na hii ikakaa kwenye kopo la vifungo miaka sita. Mwaka huu nikaamua iyeyushwe, iwe pete.

Woga nilikuwa nao. Fundi mwingine hapa hapa Mwanza aliwahi kunirudishia pete nyepesi, na miezi miwili haikupita kidole kikawa kijani. Safari hii jirani akanielekeza kwa mzee mmoja maeneo ya Makoroboi, mlango mwembamba ambao unaweza kuupita mara tatu bila kuuona.

Alianza na mizani. Gramu 3.4, nikasoma mwenyewe, akaandika kwenye daftari. Karati 18, akasema, yaani robo yake si dhahabu. Akanivutia kigoda. Nilishinda pale nikimtazama: kijungu kidogo, boraksi (unga wa kusafisha dhahabu inapoyeyuka), moto wa gesi, kisha nyundo, kisha tupa. Mapajani ametandika ngozi, na kila chembe inayodondoka anaikung'uta na kuirudisha. Mkono hauna haraka hata kidogo (mimi ndiye niliyekuwa naangalia saa).

Kesho yake jioni pete iko tayari, inang'aa, pesa nimeshatoa. Mzee akaigeuza, akapitisha ukucha upande wa ndani, akanyamaza. "Mwanangu, njoo kesho." Pale alipounganisha palikuwa na kishimo ambacho mimi hata kwenye mwanga sikukiona. Nikamwambia, mzee wangu, huko ndani nani ataangalia? "Kutaingia sabuni na jasho. Na mimi nimeshakiona." Akaikata mbele yangu, akaiunganisha upya, bei haikuongezeka.

Pete ilitoka gramu 3.1. Kipande cha 0.2 kilichobaki kimefungwa kwenye karatasi, nikapewa. Ufundi Sh 70,000.

Kasoro zipo: hapokei pesa kwa simu, na akisema kesho huwa ni keshokutwa. Ila nina miezi minne nafulia nayo, napaa nayo magamba ya sangara, na pale palipounganishwa bado napatafuta.

Ukienda, nenda mchana akupime. Asubuhi vidole vinakuwa vimenywea, jua likiwaka pete itakubana.