Lenzi ya Mkono ya Mara 10: Inafaa Kutambua Konokono Wadogo wa Mediterania?

Lenzi ninayoizungumzia ni ile ya mkono inayokunjwa ndani ya ala yake ya chuma, yenye vioo vitatu vilivyounganishwa na uwezo wa kukuza mara 10. Nimeipima kwa kazi moja tu, nayo ni kutambua konokono wadogo wa Bahari ya Mediterania kwa kuchunguza magamba yao, kazi ambayo huumbua upesi kifaa chochote duni.

Chukua Bittium reticulatum, ambaye hupatikana kwa wingi kwenye nyasi za bahari na ambaye gamba lake kwa kawaida halizidi milimita 15. Kwa macho matupu, yeye na Cerithiopsis tubercularis na hata Monophorus perversus mchanga ni vijimnara vya kahawia vilivyochongoka, basi. Huyu wa mwisho hujifichua mwenyewe: ukilishika gamba ncha ikiwa juu na mdomo ukikuelekea, mdomo huwa upande wa kushoto, kwa kuwa gamba lake limejisokota kinyume na konokono walio wengi. Hao wawili waliobaki ndio wanaohitaji lenzi. Hapo niliona vinundu vya Cerithiopsis vimepangika safu tatu kwa kila mzunguko, mviringo na ving'aavyo, ilhali kwenye Bittium mistari ya mzunguko inakatana na mbavu za wima, na hapa na pale kuna uvimbe mnene uliobaki pale ambapo mdomo uliwahi kusimama kukua. Picha ilikuwa kali mpaka pembeni, bila ule ukingo wa rangi unaoletwa na lenzi za kioo kimoja.

Lenzi hii huona vizuri kitu kikiwa umbali wa takriban milimita 25, nafasi inayotosha mwanga kupenya na kibano kuligeuza gamba. Ya mara 20, ambayo wauzaji huisifu zaidi, hudai nusu ya umbali huo. Mkono unaziba mwanga, na safu moja ya vinundu ikionekana, mdomo unapotea. Sishauri mtu ainunue kwa kazi hii.

Kasoro kubwa ya lenzi hii ya mara 10 iko kwenye ncha ya gamba. Katika jamii ya Monophorus, spishi nyingi hutenganishwa kwa nakshi za gamba la utotoni, lililo juu kabisa na lisilofikia upana wa milimita moja. Lenzi itakuonyesha kama ncha ipo au imesagwa na mawimbi, lakini nakshi zenyewe zinataka hadubini, hivyo karatasi ya maelezo inayoahidi utambuzi wa "spishi yoyote" imetia chumvi. Skrubu ya bawaba nayo hulegea, na hakuna bisibisi ndani ya kasha.