Bangkok hadi Chiang Mai: treni ya usiku au ndege?

Ndege inachukua saa moja na robo hivi. Treni inakula usiku mzima, saa 11 hadi 13 kwa kilomita 750 hivi. Ukitazama saa tu, ndege imeshinda. Ila hesabu pia mwendo wa kwenda uwanjani, foleni ya ukaguzi, begi la kulipiwa (ndege za bei nafuu za uwanja wa Don Mueang hazina huruma na mizigo) na hoteli ya usiku huo. Treni inakusafirisha na kukulaza kwa tiketi moja.

Mimi ni mtu wa daraja la pili lenye vitanda. Jioni mhudumu anapita, anavuta viti viwili vinavyotazamana vinakuwa kitanda, anatandika shuka safi, anatundika pazia, kazi ya dakika chache tu. Kata tiketi ya kitanda cha chini: bei imezidi kidogo, lakini ni kipana na dirisha ni lako. Cha juu ni chembamba. Beba sweta, kiyoyozi hakina mchezo. Bia iache, pombe ni marufuku kwenye treni za Thailand tangu 2014. Na treni hiyo inaondokea kituo kipya cha Bangkok, Krung Thep Aphiwat, siyo tena Hua Lamphong, kituo cha zamani.

Ndege ichukue ukiwa na siku chache, au ukisafiri wakati wa Songkran, sikukuu ya mwaka mpya wa Kithai katikati ya Aprili, maana vitanda vya treni huisha mapema sana.