Michoro ya Love Letter, Philadelphia: iangalie ukiwa kwenye treni

Nimezunguka siku mbili naangalia michoro ya ukutani Philadelphia, Marekani, na kama wewe una masaa mawili tu basi panda treni ya Market-Frankford kuelekea magharibi. Mwanzo inapita chini ya ardhi, ila ukikaribia stesheni ya 46th inapanda juu kabisa, unakuwa sawa na mapaa ya nyumba, na hapo ndo barua inaanza. Ndio, barua, maana Steve Powers alichora kuta 50 mwaka 2009 na zote ni maneno ya mtu anayempenda mwenzake, yametawanywa ukuta kwa ukuta kando ya reli.

Mi siku ya kwanza nilienda kwa miguu na nikakosa mingi sana, maana michoro mingi iko juu inaitazama treni, wewe wa chini unaona kipande tu. Siku ya pili kwenye treni nikaelewa. Kuna mmoja anamwambia mwenzake wakutane 52nd hata kwa sekunde 50 tu, sasa we fikiria treni imesimama hapo hapo 52nd Street, milango wazi, watu wanashuka, halafu inafunga mnaondoka. Nilihisi kitu kifuani kwa kweli.

Na huyu Powers ni mtoto wa huko huko West Philadelphia, zamani alikuwa anaandika ESPO, jina lake la grafiti, kwenye kuta bila ruhusa ya mtu. Mpango wa michoro wa jiji ulianza 1984 kama vita dhidi ya grafiti, msanii Jane Golden akawachukua vijana wale wale waliokuwa wanachafua kuta akawapa kazi ya kuchora, leo jiji lina michoro zaidi ya 4,000. Mi naona hiyo ndo akili.

Ukibaki na muda pita kona ya mitaa ya Broad na Spring Garden uone mchoro wa Common Threads wa Meg Saligman, ghorofa 8, wanafunzi wa sasa wamesimama pamoja na vinyago vya kauri vya kizamani, mapozi yao yanafanana mpaka unarudia kuangalia.

Kwenye treni kaa dirishani na simu iweke mfukoni, kuta zinapita haraka mno, ukihangaika na picha maneno yanakupita. Na usiishie kwenda tu, kurudi niliona kuta ambazo wakati wa kwenda sikuziona kabisa. Nyota 5.