Taal na Daraga: miji miwili iliyohamishwa na moto

Yote miwili ni miji midogo ya kisiwa cha Luzon, Ufilipino, na yote iliwahi kuhama kwa sababu ya volkano. Ila haikuhama kwa namna moja.

Taal, mkoani Batangas, ulikuwa kando ya ziwa, pale ilipo San Nicolas leo. Mwaka 1754 volkano iliyo katikati ya ziwa hilo ililipuka kwa zaidi ya miezi sita. Watu walihamia karibu na Ghuba ya Balayan, na huko wakajenga kanisa la Mtakatifu Martin, linalotajwa kuwa miongoni mwa makubwa kabisa barani Asia.

Cagsawa, mkoani Albay, haukupewa nafasi hiyo. Tarehe 1 Februari 1814 volkano ya Mayon iliufukia. Inakadiriwa watu 1,200 walikufa. Walionusurika wakaenda Daraga. Mnara wa kengele wa kanisa la Cagsawa umebaki, ukichungulia juu ya ardhi.

Mwenye muda wa mji mmoja tu? Kwa nyumba za kale, Taal. Mimi ningekwenda Daraga: kanisa lake limekaa kilimani, mkabala na mlima uleule uliomeza jirani yake.