Matembezi ya usiku Mabira, kwa wanaopenda wadudu

Jamani kama uko Kampala au Jinja, hii ya kutembezwa msitu wa Mabira usiku usiikose. Mwongozaji wetu, mzee mpole sana, alisema zimeni tochi kwanza msikilize, halafu akaanza kututenganishia sauti moja moja mpaka ile kelele yote ikaanza kueleweka. Akamshika senene, huyu huyu tunayemkaanga Novemba, akatumulikia mguu wa mbele chini kidogo ya goti, kuna kampasuko kadogo pale, kumbe ndio sikio! Na anayeimba ni dume, anasugua mbawa za mbele moja juu ya nyingine kuita jike.

Lakini mimi kilichonimaliza ni kichuguu. Alikwaruza kidogo tu kwa kijiti, askari wa mchwa wakatoka wakaanza kugongesha vichwa chini, ukiinamisha sikio unasikia kabisa kama mchanga unamwagika kwenye karatasi. Mchwa hawana masikio, mtikisiko wanaupokea kwa miguu, na askari mwingine akiupata naye anagonga, hivyo hivyo taarifa inasafiri mpaka ndani na vibarua wanakimbilia chini. Yaani ningekaa pale hadi asubuhi.

Shida moja, kundi letu lilikuwa kubwa mno na watu wanaongea ongea, sauti ndogo zikapotea, kwa hiyo ombeni kundi dogo mapema. Na vaeni gambuti, mvua ikipita ile njia inateleza vibaya sana.